UZI: Nahama Tanga kwenda Mbeya na familia, hesabu nimepiga ila sijatulia, njooni mnikagulie

mwl_makorora (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, na ndugu zangu wa Tanga mliomo humu asalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, nakaa Makorora, nimezaliwa hapahapa na watoto wangu wawili wamezaliwa hapahapa. Uhamisho wangu wa kubadilishana na mwalimu wa Mbeya umekubaliwa, mwenzangu anakuja Tanga mimi naenda kwake, na kwa kuwa tumeomba wenyewe hakuna posho ya uhamisho wala hakuna gari la halmashauri, kila shilingi inatoka mfukoni kwangu na kwa mume wangu. Tunataka kuondoka mwezi wa sita shule zikifungwa, ili wa kwanza ambaye yuko darasa la tatu awe ameshazoea shule mpya kabla hajafika la nne kwenye mtihani.

Nimekaa na daftari siku tatu. Gari zima, Fuso, nimetajiwa 2,400,000. Wapakiaji huku na washushaji kule 110,000. Nyumba nimeambiwa vyumba viwili na sebule ni 120,000 kwa mwezi na wanataka miezi sita, yaani 720,000, na dalali mwezi mmoja, jumla 840,000. Nauli zetu sisi wanne na kulala Morogoro na kula njiani 405,000. Kufungasha, yaani maboksi, selotepu, viroba, kamba, 75,000. Jumla inakuja 3,830,000.

Tulichonacho ni 2,900,000, hapo nimeshahesabu na kikoba tulichovunja mwezi jana. Kwahiyo napungukiwa 930,000 na sitaki kukopa, mwaka juzi nilikopa nikakatwa miezi kumi na nane mpaka nikawa naogopa mwisho wa mwezi.

Na kuna jambo jingine naliandika kwa uchungu. Wiki mbili zilizopita nilimtangulizia wakala mmoja wa magari 200,000 ili "ashike gari", toka hapo simu inaita haipokelewi. Hiyo pesa nimeshaitoa kwenye hesabu. Naombeni mawazo, wapi nakosea?

utingo_wa_zamani

Mwalimu pole sana kwa hilo la wakala. Nimekuwa utingo miaka tisa halafu dereva miaka kumi na moja, njia ya Mbeya naijua kona kwa kona, acha nikueleze taratibu.

Kosa la kwanza, umekodi gari zima la kwenda tu. Ukikodi gari linalotoka Tanga kwenda Mbeya halafu mwenyewe hana uhakika wa mzigo wa kurudi, ile 2,400,000 unalipia mpaka mafuta ya kurudi kwake mtupu. Wewe tafuta gari la Mbeya lililokuja Tanga na mzigo. Viazi mviringo, mchele, maharage, vitu hivyo vinashushwa hapa mjini na dereva anahangaika siku mbili tatu kutafuta cha kurudi nacho, huyo hata ukimpa nusu ya hiyo pesa anashukuru maana alikuwa anarudi na chumvi kidogo au nazi au hana kitu kabisa. Usipitie kwa wakala, nenda mwenyewe asubuhi wanaposhusha viazi, angalia namba za gari, ongea na dereva, mwambie akupigie simu mwenye gari uongee naye ukiwa umesimama pale pale. Picha ya kadi ya gari na leseni ya dereva unapiga kwa simu yako, dereva wa kweli hakatai.

Malipo gawa mara tatu. Kidogo siku ya kupakia kwa ajili ya mafuta, kidogo akifika Makambako akikupigia, kilichobaki mzigo ukishashuka wote umehesabu. Na muulize mapema bei ya mafuta ikipanda nani anabeba, EWURA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, wanatangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ukikubaliana tarehe 28 ukapakia tarehe 6 hiyo ni kesi inakuja.

Mizani. Gari likishakuwa na uzito wa jumla wa tani tatu na nusu kwenda juu linapita mizani, na njia hiyo mizani ni nyingi. Vitu vya nyumbani havina uzito mkubwa ila dereva akiongezea mzigo wa mtu mwingine juu ya wako mnaweza kulala mizani na watoto wako hawana godoro. Mwambie umekubali aongeze nini na nini hapana, iandikeni.

Kitonga ndio panapovunja vyombo. Kupanda ule mlima gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, kila kitu kinasukumwa nyuma, kwahiyo vyenye glasi vipangwe mbele karibu na kichwa na magodoro yawe nyuma yake. Kamba ya katani ni nzuri na kwetu Tanga ndio nyumbani kwake ila ikilowa inajikaza, inakula mbao, weka kipande cha gunia chini yake kila inapopita kwenye kona ya kabati. Na turubai liwe zima, lishike mkononi ulitazame kwenye jua, matundu utayaona.

binti_wa_rungwe

Dada mwalimu mimi nimetoka huko nikaolewa Tanga, sasa nina mwaka wa saba nakaa Sahare, nimesoma bajeti yako nikasikitika maana sijaona blanketi hata moja.

Mbeya ipo juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na wewe unaenda mwezi wa sita na wa saba, ndio baridi yenyewe. Usiku inashuka chini ya nyuzi 10. Watoto waliokulia Tanga wanalala na kaptula feni ikizunguka, wewe unawapeleka kule na shuka la kanga, wiki ya kwanza tu mtaishia hospitali. Tenga pesa ya mablanketi mazito, sweta mbili mbili kila mtoto, soksi, viatu vya kufunika. Usinunue hapa, Tanga sweta nzito utauziwa bei ya kitu adimu, nunua mitumba soko la Mwanjelwa hukohuko Mbeya, ila beba walau blanketi mbili za njiani maana kuanzia Iringa usiku ndani ya basi mtatetemeka. Na sare, watoto wa kule wanavaa sweta la shule, hilo ni la kununua, sio hiari.

Nyumba usichukue kwa picha. Muombe mtu aende saa tisa alasiri aone kama jua linaingia chumbani, chumba kisichoona jua kule kinatoa ukungu ukutani mpaka nguo zinanuka. Na aulize deni la LUKU. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU 1,500 kila mwezi, nyumba ikikaa bila mtu inajikusanya, siku ya kwanza unanunua umeme wa 10,000 unakatwa malimbikizo ya mwenzako. Bili ya maji pia, aione risiti ya mwisho.

Halafu naomba nikuulize kitu bila kukuudhi. Baba watoto anafanya kazi gani? Maana bajeti yako yote ni ya njiani, sijaona mtakula nini mkifika.

mwl_makorora

@binti_wa_rungwe hujaniudhi dada yangu, umegusa pale pale ninapoamka usiku. Mume wangu ni fundi wa AC na friji. Hapa Tanga joto likianza mwezi wa kumi na mbili hapati usingizi, simu kuanzia Raskazone mpaka Pongwe. Huko kwenye baridi nani ataweka AC? Yeye ananiambia tutafika tutaona, mimi siwezi kupanga kwa tutaona. Kwa mwezi mbaya anaingiza kama 300,000, na hiyo ndio inayolipa chakula, mshahara wangu una ada ya mdogo wangu chuo.

mchumi_mdogo

Mimi ningekushauri uuze kila kitu dada. Kitanda, kabati, sofa, friji, vyote, nendeni na nguo na vyombo vya jikoni ndani ya mifuko ya shangazi kaja kwenye buti la basi, gari hulipi hata senti, mkifika mnaanza upya. Nilihama Dodoma hivyo na sijutii.

babu_chumbageni

Mjukuu wangu mchumi, umesema kwa nia njema lakini wauza vipi kitu kwa haraka upate bei? Mtu akishajua wahama Jumamosi, Alhamisi akuja na 40,000 kwa kabati la 300,000, nawe wampa kwa sababu huna la kufanya. Halafu wafika kule wanunua jipya kwa bei ya dukani. Nimehamishwa na kazi mara sita katika maisha yangu, nimejifunza kukikalisha kila kitu mbele yangu na kukiuliza, nikikuuza hapa napata ngapi, nikikununua kule natoa ngapi, nawe wachukua nafasi gani garini? Friji dogo lachukua nafasi ndogo na kununua ni ghali, labebwa. Sofa lachukua nusu ya Fuso na kitambaa kimechoka, lauzwa. Anza kuuza mwezi mzima kabla, kimoja kimoja, usitangaze kuwa wahama.

Na mwalimu, kama una kitu cha mzazi wako ndani ya nyumba hiyo, hicho usikiweke kwenye hesabu.

mwl_makorora

Babu umejuaje. Kuna kabati la mvule la marehemu mama, milango miwili, lilichongwa hapa Ngamiani kabla mimi sijazaliwa, ndani bado linanukia udi. Mume alilipima jana kwa futi, urefu sentimita 198, na akasema halitoki mlangoni. Nilinyamaza nikaenda jikoni.

babu_chumbageni

Kabati la mvule la zamani halikupigwa misumari mwanangu, limeungwa kwa vigingi na skrubu. Tafuta fundi mtu mzima, sio hawa vijana wa kabati za mbao laini, alifungue. Kila ubao auandike namba kwa penseli upande wa ndani. Latoka mlangoni kama lilivyoingia.

mwl_wa_muheza

Mwalimu mwenzangu, nimesoma uzi wote nikajiuliza mbona hakuna aliyeliona hili. Wewe unabadilishana kituo na mtu. Yeye naye muda huu yuko Mbeya na daftari anapiga hesabu zilezile, gari, nyumba, dalali, kitanda kibebwe au kiuzwe. Mmeshaongea? Mbadilishane na vitu. Yeye ana nyumba anayoiacha, wewe una nyumba unayoiacha. Yeye ana kitanda, wewe una kitanda. Kwanini vitanda viwili vipishane Mikumi?

Na gari, akiwa yeye kule ndio anaweza kumpata dereva wa viazi anayekuja Tanga, akapandisha kimzigo chake juu ya viazi, gari likishusha Tanga linapakia chako linarudi. Dereva ana mzigo kuja na kurudi, hapo ndio bei inaongeleka.

Kwa watoto, uhamisho wa shule uanze sasaivi, usingoje ufike. Barua inapita kwa mwalimu mkuu na ofisi ya elimu huku na kule, na namba ya mtoto ya PReM, ile ya usajili wa wanafunzi, ihamishwe kwenye mfumo, wewe mwenyewe unajua mtoto asiyehamishwa kwenye mfumo anavyosumbua wakati wa kusajili darasa la nne.

jirani_wa_sahare

Naongeza. Chukueni barua ya serikali ya mtaa inayosema mnahama, na orodha ya vitu vikubwa, gari la vitu vya ndani linasimamishwa na polisi na swali la kwanza ni hivi vitu ni vya nani. Risiti ya friji na TV kama zipo ziwe kwenye mkoba wako sio kwenye boksi. Magunia ya mkaa msipakie, mkaa unataka hati ya TFS, watu wa misitu, msije mkakwama kwa gunia moja. Mtungi wa gesi msiweke katikati ya magodoro, uuzeni au uishe kabisa.

Na kuhusu mume, mimi nauza vifaa vya friji. Rungwe na Njombe huko kuna maziwa na parachichi, na vitu hivyo havikai bila ubaridi. Vituo vya kukusanyia maziwa vina matanki ya kupoozea, wauza nyama wana friza, magari ya watu yana AC. Asitafute AC za ukutani. Abebe pampu yake ya vakyumu na geji na vyombo vyote vya kazi hata kama ni vizito, hivyo ndio vya kwanza kupakiwa.

binti_wa_rungwe

Kweli kabisa, na bado weka pesa ya miezi mitatu kama vile hatapata kazi hata moja. Ikibaki mtafurahi.

mwl_makorora

Nimerudi wakuu, nawapa mrejesho wa kwanza, tupo wiki mbili kabla ya safari.

Nilimpigia mwenzangu wa Mbeya usiku uleule. Tulikuwa tunaongea habari za barua tu miezi minne yote, hatujawahi kuulizana una kitanda cha ngapi. Kumbe anakaa Uyole, nyumba ya 120,000, amebakiza miezi minne aliyokwisha kulipa. Mimi nalipa 100,000 na nimebakiza mitatu. Tukaongea na wenye nyumba wote wawili, wakakubali kuandikishana upya, yeye anaingia kwangu mimi naingia kwake, namrudishia tofauti ya 180,000 na dalali hayupo. Saa tisa alasiri alinipigia simu ya video akanionyesha jua likiwa limelala kitandani chumba cha watoto. Akanunua LUKU mbele yangu, hakuna deni.

Namuachia kitanda cha sita kwa sita na tanki la maji la lita 1,000, ananiachia kitanda chake na sofa. Gari kalipata yeye, dereva wa viazi, mimi nalipa 700,000 na yeye analipa cha kwake.

Sasa hesabu ni hivi. Gari 700,000, kupakia na kushusha 110,000, nyumba 180,000, njiani 405,000, kufungasha 75,000, baridi 180,000, sare 110,000, miezi mitatu ya mume 900,000, dharura 250,000. Jumla 2,910,000. Yaani vitu vimeongezeka vinne ambavyo sikuvifikiria kabisa na bado imeshuka chini ya ile ya kwanza kwa zaidi ya laki tisa.

Sofa langu na AC ya sebuleni nimeuza kimya kimya kama babu alivyosema, 600,000 zote mbili. Na yule wakala, nilienda na mjumbe wa mtaa na meseji za muamala nimezichapisha kwenye karatasi, kanirudishia 150,000. Iliyobaki nimeiacha.

utingo_wa_zamani

Hapo sasa umepanga mwalimu. Friji lisimame wima njia nzima. Na uwepo wakati wa kupakia, usimuachie mtu.

mwl_makorora

Mrejesho wa mwisho, naandikia Uyole, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Tulipakia Makorora kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Fundi mzee wa Ngamiani alikuwa amelifungua kabati jana yake, mbao kumi na nne, kila moja na namba ya penseli, na skrubu zote nilizifunga kwenye pindo la kanga nikaiweka kwenye mkoba wangu wa mkononi, sikuiachia hata tulipolala. Vyombo vya mume vilipanda kwanza, halafu mbao za kabati katikati ya magodoro mawili, halafu friji wima limefungwa kwenye nguzo za bodi na vipande vya gunia kila kona. Majirani walikuja na nazi arobaini, sikuwa nimezipangia nafasi, zikajazwa kwenye tanuri la jiko, kwenye ndoo, kila penye uwazi.

Njiani ilikula 470,000 badala ya 405,000 kwa sababu mdogo alitapika kuanzia Chalinze ikabidi tulale Morogoro siku mbili. Mablanketi na sweta 230,000 badala ya 180,000. Hizo mbili zilitoka kwenye dharura, ndio kazi yake. Vilivyovunjika ni glasi za kabati la vyombo mbili na kifuniko cha birika. Mume aliliacha friji limesimama siku nzima bila kuliwasha, anasema mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, halafu likawaka vizuri.

Usiku wa kwanza nilitandika magodoro yote chumba kimoja tukalala wanne. Asubuhi kabla ya chai nikatoa kanga kwenye mkoba, nikazimwaga skrubu kwenye sinia nikazihesabu, zote zipo. Kabati limesimama chumbani kwa watoto upande ambao jua linaingia. Bado linanukia udi.

@jirani_wa_sahare mume jana kaenda kuangalia friza la muuza nyama hapa Uyole, karudi na 35,000 na namba ya simu ya mtu wa maziwa. Ile 900,000 sijaigusa bado, nimeiweka benki tofauti.

@babu_chumbageni nashukuru sana babu yangu, Mungu akuweke.

Na kwa yeyote wa Tanga anayehama kuja huku mwezi wa nane, aje PM nimpe namba ya dereva. Atashusha viazi Tanga wiki ya pili na kurudi hana mzigo.